Kisu Gani Mfukoni, Kikubwa au Kidogo?

Vijana wangu wa kazi ya mifugo, mliniomba niwaandikie ni dawa gani inayoua kupe kuliko nyingine, na namna ya kumshika fahali asiyetaka sindano. Ya dawa mtayasoma kwenye chupa, na fahali atawafundisha mwenyewe. Mimi nimestaafu nikiwa bado na swali moja linaloninyima raha: mtu wa kazi yetu, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, abebe kisu gani cha kukunja mfukoni, kikubwa au kidogo? Najua mtacheka. Mke wangu naye hucheka, husema mimi huogopa hata mvua iliyokwisha kunyesha. Sikatai, ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Lakini ilifika siku uzima wa mtu ukategemea kisu kilichokuwa ndani ya suruali yangu, na mpaka leo napapasa mfuko kabla sijafunga mkanda.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya tisini, muda mfupi baada ya kufika hapa kutoka milima ya juu ya Uvira, kule Kongo. Nilikuwa mfugaji asiye na ng'ombe, yaani mtu wa kukaa tu na kuhesabu mawingu. Mzee mmoja wa kanisa letu akanitaja kwa Bamwine, msaidizi wa mifugo, Mnyankore wa Biharwe, mwenyeji, ambaye alihitaji mtu wa kuongea na wakimbizi. Siku ya kwanza Bamwine alinipa buti za mpira, moja ina tundu, akanipeleka kijiji cha Kashojwa kwa ndama aliyefungwa kamba shingoni akiwa mdogo na kamba ikasahauliwa. Ndama alikuwa amekua, kamba haikukua. Ilikuwa imezama kwenye nyama na inanuka. Bamwine alipiga magoti, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Leta kisu."

"Sina, mzee."

Hapo ndipo aliponitazama. "Sebo, bwana, wewe nafanya kazi ya ngombe bila kisu? Nakata na kidole?"

Nilimshika ndama kichwa, yeye akatoa kisu chake mwenyewe, kikubwa, mpini wa pembe, akakata ile kamba taratibu huku akimwimbia ndama kwa Kinyankore. Mimi nilitazama pembeni.

Ukweli ni huu. Kwetu kila mfugaji alibeba kisu kikubwa cha kukunja, na hakuna aliyekiona kuwa ni kitu. Siku tuliyokimbia tulifika kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, na askari walikuwa wanapapasa mifuko. Mbele yangu alikuwa jirani yetu na kisu chake cha kila siku, kile cha kukatia kamba na kumenyea muhogo. Wakakifungua, wakakilaza kwenye kiganja chake, bapa likazidi kiganja. Wakasema huyu ni mpiganaji, wakamtoa kando. Sisi wengine tukaambiwa tupite, tukapita. Changu nilikuwa nimekiangusha kwenye majani zamu yangu haijafika. Tangu siku hiyo sikutaka kisu kizito kinigonge pajani, na nikikiona kwa mtu mwingine nahamia upande wa pili wa njia.

Bamwine hakuuliza zaidi. Wiki iliyofuata alinipakia kwenye pikipiki yake tukaenda Mbarara, nyuma ya soko, kwa Hajji Sulemani aliyekuwa akiuza makufuli, misumari, kengele za ng'ombe na visu. Hajji alikuwa mpole, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitandika gazeti juu ya meza, akaweka visu viwili.

"Chagua, ndugu yangu. Usichague kwa macho, chagua kwa mkono. Hiki kidogo kinafunguliwa kwa kucha, mikono miwili. Hiki kikubwa kinafunguliwa kwa kidole gumba, mkono mmoja. Halafu sikiliza." Akakifungua kikubwa. Kililia *tak*. "Ndani kuna chuma kinashika, hakikukunjii vidole. Kidogo hakina."

"Chukua kubwa," alisema Bamwine. "Kazi yetu iko na kamba mingi."

Nilikishika kikubwa. Kilinijaa mkononi vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikakipima kwenye kiganja bila kufikiri, na bapa likazidi. Jasho likanitoka dukani kwa watu. Nikakirudisha kwenye gazeti nikasema nataka kidogo. Hajji alinitazama juu ya miwani, akakifuta kile kidogo kwa mafuta na kunipa. Njiani Bamwine alinitania kwamba nimenunua kijiti cha kuchokolea meno.

Sasa acheni nikisifu kisu kidogo, kwa sababu kinastahili. Kinakaa mfukoni hukisikii. Kinang'oa kifuniko cha bati kwenye chupa ya chanjo bila kuvunja shingo ya chupa. Kinakata uzi wa gunia la pumba kwenye mshono, na mwenye gunia analipata gunia lake zima. Kinatoa jiwe kwenye kwato, kinachonga kijiti, kinamenya chungwa la mtoto anayelia kwa sababu mbuzi wake amedungwa sindano. Kanisani niliingia nacho na hakuna aliyejua. Tulipokwenda Nyamitanga kuwatazama ng'ombe wa maziwa wa watawa, mlinzi wa geti alinipapasa, akakitoa, akacheka, akanirudishia. Mimi sikucheka. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka tulipofika zizini, na mtawa aliyetupokea akadhani naumwa, akaniletea maji.

Ubaya wake nao niuseme. Bapa lisilo na kile chuma cha kulishika hujikunja ukilisukuma kwa ncha. Mimi nililisukuma kwenye ukwato wa ng'ombe mmoja wa Kashojwa, likanirudia kwenye kidole cha shahada. Kovu mnalijua, mmelitazama mara nyingi mkiogopa kuuliza. Kwa kisu kidogo vuta, usisukume. Na kausheni mikono kwanza, kwa maana kucha iliyolowa haifungui kitu.

Ubaya mwingine niliuona kwa mbuzi. Alikuwa amejizungusha kwenye mti mpaka kamba ikamkaba, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilihangaika na kucha, nikafungua, nikakereza ile kamba ya nailoni kama mtu anayekata mti kwa wembe. Ilipoachia, mbuzi alikuwa amekwisha. Mwenyewe hakunilaumu, ila mimi usingizi ulinipotea. Nilikuwa nalala nikimwona mbuzi na ulimi wake nje, halafu mbuzi anageuka mtu. Mke wangu akaniambia, nenda kanunue kile kingine, tulale.

Nikarudi kwa Hajji nikanunua kikubwa. Nilikitia kwenye ala ya ngozi kiunoni, na kwa muda kidogo nilitembea kama mtu mwenye cheo. Suruali ilivutwa upande mmoja. Kisha nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa amefika karibuni kutoka kwetu, ana kuku wanakufa. Niliinama kuingia mlangoni, koti likafunguka, akaiona ala. Hakupiga kelele. Aliwakusanya watoto wake mmoja mmoja, kimya kimya, akawasukuma nyuma ya pazia na kusimama mbele yao. Nikatoa kisu, nikakiweka chini mbali nami, nikakaa sakafuni, nikasema kwa lugha yetu kwamba mimi ni mtu wa kuku. Pazia halikufunguka. Niliondoka nikiwa na aibu ambayo hata sasa nikiandika inanipasha masikio moto. Jioni hiyo kisu kikubwa kiliingia kwenye sanduku, chini ya nguo za Pasaka, na kile kidogo kikarudi mfukoni.

Bamwine aliposikia alitikisa kichwa. Yeye alibeba kikubwa miaka yote na watu walimpenda. "Wewe naingia kwa nyumba na kisu mbele," aliniambia. "Kwanza sema habari ya watoto. Halafu habari ya ngombe. Kisu natoka mwisho." Niliyasikia, lakini yeye alikuwa mtu wa Biharwe, mwenye nchi, na hakuna askari aliyewahi kumpimia kisu kwenye kiganja. Baadaye akastaafu, akaenda kuchunga ng'ombe zake nyumbani, na mimi nikabaki na eneo lote na wasiwasi wangu wote.

Hapo ndipo naingia kwa Ruvuzo. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mtu wa milima yetu, makamo yangu, aliyepoteza ng'ombe wote kule. Hapa alichunga mifugo ya wenyeji mpaka wakamlipa mtamba mmoja mwekundu, akamwita Gaju. Huyo Gaju alikuwa ndiye mali yake yote, na mahari ya mwanawe ilikuwa inamngoja azae.

Mnajua wenyewe mambo ya ng'ombe na mashamba. Ng'ombe wa mkimbizi akiingia kwenye mahindi ya mwenyeji ni kesi: mwenyekiti wa kijiji anaitwa, maneno yanakuwa mengi, na fimbo nazo wakati mwingine. Basi watu wetu wenye ng'ombe mmoja mmoja walianza kazi moja mbaya. Badala ya kushika kamba, waliizungusha kwenye kifundo cha mkono, mzunguko juu ya mzunguko, ili hata wakichoka ng'ombe asiwatoroke. Nilimkataza Ruvuzo kila nilipomwona.

"Dokta," alinijibu, maana wananiita hivyo ingawa sijawa, "nikimwachilia anaingia mu mashamba ya batu. Afazali anikokote miye."

Na jambo lingine lazima mlijue, hasa ninyi msiotoka kwetu. Katika familia zetu kamba ya ng'ombe aliye hai haikatwi. Inafunguliwa. Hukatwa siku ng'ombe akifa, na anayeikata ni mwenyewe, si mtu mwingine. Kuikata kabla ni kumtangaza amekufa. Mimi ni Mkristo na sijui kama Mungu anajali kamba, lakini nilikua hivyo, na mkono wangu ulikuwa unajua hivyo.

Siku ile tulikuwa tunanyunyiza dawa ya kupe karibu na ziwa, kwa sababu maji yako karibu. Ruvuzo alimleta Gaju, kamba kifundoni kama kawaida. Nikamwambia ifungue kwanza. Akasema ndiyo, ndiyo, na huku anamtazama ng'ombe wake. Kijana wa bomba akapuliza, dawa ikaingia Gaju sikioni, akaruka. Hakukimbilia mashamba. Alikimbilia majani marefu ya ziwani, kule chini kuna matope yasiyo na mwisho, na Ruvuzo akaenda naye akiburutwa kwa tumbo.

Nilipowafikia, Gaju alikuwa amezama mpaka kwenye mbavu. Kila akijaribu kujikwamua anashuka, na kila akishuka kamba inamvuta Ruvuzo chini. Maji yalimfika shingoni. Niliingia nyuma yake, nikampitishia mkono wa kushoto chini ya kidevu, nikaegemea nyuma kwa nguvu zangu zote. Wanawake waliokuwa wanachota maji wakaanza kupiga kelele waletewe panga. Mimi nikatia mkono wa kulia mfukoni, nikakitoa kile kidogo. Na hapo nikakumbuka kucha, na kwamba kinataka mikono miwili.

Niliogopa, vijana wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikiona kisu kikubwa mahali kilipolala, chini ya nguo za Pasaka. Nikakitia hiki kidogo mdomoni, nikalishika bapa kwa meno na kuvuta mpini. Likafunguka, pamoja na kipande cha mdomo wangu. Nikaitafuta kamba chini ya maji kwa kidole, nikaweka makali mbali na kifundo chake, nikaanza kukereza. Ilikuwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, nene, imelowa, imekaza.

"Unafanya nini?"

"Nakata."

"Wacha! Wacha, Dokta! Iko muzima bado, inapumua!" Akanishika mkono kwa ule wake uliokuwa huru, na alikuwa na nguvu.

"Utakufa, Ruvuzo!"

"Haikatwake na mutu mwingine! Wacha!"

Basi tukapigana pale majini, mimi na mtu niliyekuwa namwokoa. Nakereza kidogo, ananivuta mkono. Nakereza tena, ananivuta. Uzi mmoja wa kamba ukaachia, nikausikia kwenye kidole. Gaju akashuka mpaka mabegani. Kichwa cha Ruvuzo kikaingia majini na mkono wangu ukateleza kwenye kidevu chake, nikamkosa. Nikamshika nywele, nikamtoa. Akakohoa maji na matope. Na alipomaliza kukohoa hakunishika mkono tena.

"Leta," alisema.

"Nini?"

"Kisu. Leta hapa. Nitaikata miye mwenyewe."

Hapo wasiwasi wangu wote wa maisha ulikusanyika mahali pamoja. Akikitupa, kimekwenda, na yeye amekwenda. Kikimponyoka, vilevile. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na nilihitaji mikono miwili kumshikilia juu ya maji. Nikamwekea kisu kwenye kiganja, nikamfumba vidole juu yake. Alimwambia Gaju maneno machache kwa lugha yetu, ambayo sitayaandika. Kisha akakereza, uso umegeuka kando, mpaka kamba ikaachia na sisi sote wawili tukaanguka chali kwenye majani.

Panga likafika, kama panga zote, kazi imekwisha. Watu walileta miti na kamba nyingine, wakajaribu kumtoa Gaju mpaka walipochoka. Hakutoka.

Kesho yake nilikwenda kumwona Ruvuzo. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji na kuvimba mpaka kwenye vidole. Mke wake alinipa kiti na chai, akaninong'oneza kwamba mumewe hajala. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, niseme kweli, na nilikuwa nimefikiria hata namna ya kuzikataa kwa heshima. Ruvuzo aliongea akiwa ametazama ukuta.

"Dokta, kakisu kako kalikuwa kadogo sana."

"Najua. Nisamehe."

"Kama ungekuwa na kisu mukubwa, ungekata mara moja, mbele miye sijasema kitu. Leo ningekukasirikia weye. Ningekutukana pa kanisa, mbele ya batu bote." Akauinua ule mkono mwingine, mzima, akautazama. "Sasa nitakasirikia nani? Iko huu ndio ulimukata."

Nilikunywa chai ile mpaka mwisho kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Ruvuzo alipona kifundo, lakini sikumwona tena akishika kamba ya ng'ombe wa mtu yeyote. Baadaye alihamia Mbarara kwa mwanawe, akawa mlinzi wa duka.

Siku ileile nilipotoka kwake nilifungua sanduku nikakitoa kisu kikubwa. Mke wangu alinishonea mfuko ndani ya koti, upande wa kushoto, mkono wa kulia unapofikia bila kutafuta. Sikukivaa tena kiunoni. Kwenye nyumba za watu nilifanya alivyoniambia Bamwine, kwanza watoto, halafu ng'ombe, na mara nyingi kisu hakikuhitajika kabisa. Nilikitia mafuta kila Jumamosi na kujaribu kukifungua kwa kidole gumba nikiwa nimefumba macho. Kila kilipolia *tak* niliiona ile bariyeri vilevile kama zamani. Haikuacha kunijia. Nilijifunza tu kufanya kazi nayo hivyohivyo.

Kwa hiyo jibu langu, kama bado mnalitaka, ni kikubwa. Kidogo bebeni pia, kwa magunia na machungwa. Lakini kwa kamba bebeni kikubwa, chenye kile chuma cha kushika, cha mkono mmoja, na siku ile ikifika msimwachie mwenye ng'ombe muda wa kuchagua. Kateni ninyi. Na mjue mnachokibeba, kwa sababu mimi nilikitumia hivyo mara moja tu, na mara hiyo bado nailipia.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla ya huu wa kustaafu, kando ya barabara inayotoka Base Camp, makao makuu ya makazi yetu. Mama Neema, mjane wa jirani yetu yule wa kwenye bariyeri, alikuwa anamrudisha mtamba wake nyumbani, kamba kifundoni. Lori lilipiga honi. Mtamba akaruka, mama akaanguka, akaanza kuburutwa kuelekea kwenye mtaro. Nilitupa baiskeli, nikakimbia, kidole gumba kikafanya kazi yake. Nilikata mara moja. Alikuwa bado ananipigia kelele, "Usikate, usikate, baba, nakuomba!" na kamba ilikuwa tayari imelala vipande viwili. Mtamba aliingia vichakani na hatukumpata, tulimtafuta Kashojwa yote na ng'ambo yake.

Mama Neema hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi akienda kuchota maji. Mkono wake ni mzima, na ndoo anaishika kwa mkono huohuo. Mimi hukaa mlangoni, nasema, "Shikamoo, mama," ingawa mimi ndiye mkubwa. Bado hajaitikia.